Mgeni Second Life: pesa ya mle ndani inatoka wapi na inaishia wapi? Naomba darasa

mgeni_sifuri

Wakuu, salaam.

Nimefungua akaunti ya bure juzijuzi Second Life, ile dunia ya kwenye mtandao unayoingia ukiwa na mwili wa kuchorwa. Kutembea najua, kupaa najua, kukaa kwenye kiti najua. Kilichonishinda ni pesa. Pale juu kulia pameandikwa L$0 na hapajabadilika tangu niingie. Kila nikigonga kitu naambiwa bei: nywele zina bei, viatu vina bei, hata mwendo wa kutembea unauzwa! Halafu nakutana na watu wana nyumba ufukweni na mashua imefungwa gatini, wanazungumzia kodi ya wiki na "kutoa nje" kama vile wako kazini.

Naomba kueleweshwa tangu mwanzo. Hizi dola za Linden ni pesa kweli au ni pointi tu? Nani anazitoa? Mtu asiyetaka kuweka kadi yake anaanzia wapi? Na hao wanaotoa nje wanatoaje?

Lugha nyepesi tafadhali. Wale wa "nenda kagugo" nawaomba mpite kimya kimya.

bahasha_tupu

Naweka kambi hapa. Swali la tatu ni langu pia.

fundi_primu

Karibu mkuu. Nimo humo tangu enzi za kujenga kwa primu (yale maumbo ya msingi ya mle ndani), kabla meshi haijaja (maumbo ya kuchongwa kwenye programu za nje), kwa hiyo nitaandika kirefu. Mwenye haraka aruke.

Kampuni ni Linden Lab ya San Francisco, mwanzilishi wake Philip Rosedale, na dunia yenyewe ilifunguliwa kwa umma Juni 2003. Dola ya Linden, L$, wengi tunaiita lindeni tu. Kisheria si pesa. Yale masharti ambayo kila mtu hubofya "nakubali" bila kuyasoma yanasema lindeni ni leseni: umeruhusiwa kutumia kitu chao ndani ya huduma yao, na hawakuahidi kukurudishia thamani yake. Hilo liweke akilini, tutalirudia tukifika kwenye ardhi.

Ila ina bei. Tangu 2005 kuna soko rasmi la kampuni, LindeX, wakazi wanakouziana lindeni kwa dola za Marekani. Na bei hiyo imetulia kuliko watu wanavyodhani, kwa miaka mingi imezunguka karibu na L$250 kwa dola moja. Kwa hiyo gauni la L$250 ni kama dola moja, na nywele za L$500 ni dola mbili. Zoea kuipiga hesabu hiyo kichwani, maana tarakimu za lindeni zinalevya. Mtu anajitangaza kwamba ameingiza elfu hamsini wiki hii, watu wanapiga makofi, kumbe ni dola mia mbili kabla ya makato.

Imetuliaje? Kwa sababu pale LindeX wauzaji si wakazi peke yao. Kampuni nayo inauza lindeni mpya, kwa akaunti iliyojulikana kwa jina la Supply Linden. Mahitaji yakipanda inafungua bomba, yakishuka inalibana. Bomba la pili ni posho: mwenye uanachama wa kulipia, ule wa Premium, anaingiziwa lindeni kila wiki, na kwa muda mrefu kiwango kimekuwa L$300.

Mifereji ya kutolea nayo ipo, na ni hapo lindeni zinapokufa kabisa. Kupakia picha, sauti au mwendo wa avata (ule mwili wako wa mle ndani), L$10. Kuunda kikundi, L$100. Kutaka kiwanja chako kionekane kwenye utafutaji, L$30 kwa wiki. Kuna matangazo, na kuna kamisheni ya Marketplace, lile duka la kwenye tovuti. Vingine vyote ni mzunguko. Nikikuuzia kiti kwa L$200 hakuna lindeni hata moja iliyozaliwa wala iliyokufa, zimehama mfuko tu.

Sasa njoo kwenye kiini. Kwenye michezo kama World of Warcraft unaua kiumbe, mchezo wenyewe unakuzalishia dhahabu. Second Life haina hilo. Kuna mchezo mmoja wa kampuni wa kuokota fuwele, Linden Realms, unalipa chenji, lakini hauwezi kumvisha mtu. Kwa hiyo lindeni utakayoipata, kwa sehemu kubwa, ni ya mtu mwingine. Naye kaipata kwa mwingine. Ukirudi nyuma hatua kwa hatua utamkuta mtu aliyetoka kazini kwake, akawasha kompyuta, akatoa kadi akanunua starehe ya jioni. Huyo ndiye anayeuendesha uchumi mzima. Kabla hujauliza "napataje", uliza "yule wa jioni analipia nini".

bahasha_tupu

Kwa hiyo pesa inaingia kwa wapya, inatoka kwa wa zamani. Huu si mchezo wa piramidi uliovalishwa avata?

fundi_primu

Hapana. Kwenye piramidi unaahidiwa faida, na faida hiyo ni pesa ya atakayekuja baada yako. Aliyenunua gauni hakuahidiwa faida, alitaka gauni na gauni kapata. Akizima kompyuta hadai mtu kitu.

Ila umegusa penyewe, kwa sababu zilikuwepo "benki" za mle ndani. Maarufu kuliko zote ni Ginko Financial. Ilikuwa ya mkazi tu, haikuwa ya kampuni. Mashine zake zilisimamishwa kila kona, unaweka lindeni zako, unaona riba inakua kila siku, riba ambayo benki ya kawaida haithubutu kuitaja. Ilipofika Julai 2007 Linden Lab ikapiga marufuku kamari. Kasino zilikuwa zinazungusha pesa nyingi sana, na zilipofungwa watu wakakimbilia mashine kutoa akiba zao. Ginko ikaweka kikomo cha kutoa, kikomo kikazidisha hofu, na Agosti mambo yakaisha. Amana zilizonasa zilikadiriwa kuwa na thamani ya dola 750,000 za Marekani hivi. Januari 2008 kampuni ikatangaza kwamba hakuna kutoa riba mle ndani bila kuonyesha kibali halali cha taasisi ya fedha.

Kwa hiyo leo, mgeni, ukikutana na avata mwenye tai anakwambia "weka L$5,000 urudishiwe L$6,000 mwezi ujao", usijadiliane naye. Mripoti.

mgeni_sifuri

Mkuu fundi_primu, shukrani, hapo kwenye bomba na mifereji nimeelewa vizuri. Sasa huyo mtu wa jioni mimi nampataje? Nimeona mabango ya "ajira", watu wanataka wacheza ngoma, wahudumu, walinzi. Nimeambiwa pia zamani ulikuwa unakaa tu kwenye kiti unalipwa.

nyota_ya_mchana

Hilo la kiti nalijibu mimi, kwa sababu bado linawapotosha wageni.

Viti vya kulipia vilikuwepo kweli, hasa 2006 na 2007. Mwenye eneo alikuwa anataka lionekane lina watu, maana orodha ya utafutaji ilipanga maeneo kwa wingi wa wageni. Basi anaweka viti, unakaa, unalipwa lindeni mbili au tatu kila dakika kumi. Piga hesabu: L$3 kwa dakika kumi ni L$18 kwa saa, yaani senti saba za Marekani. Umeme wa kompyuta ulikuwa unazidi hapo. Na maeneo yenyewe yalikuwa yanatisha, avata arobaini wamekaa kimya hakuna hata mmoja aliye mbele ya skrini yake.

Ajira za sasa ni afadhali, lakini usizipigie hesabu ya mshahara. Kwenye klabu kuna didjei na kuna mkaribishaji. Didjei anapiga muziki, mkaribishaji anawasalimu watu kwa majina na kuchangamsha gumzo. Kila mmoja ana chombo chake cha bakshishi, na mara nyingi klabu inachukua asilimia. Usiku mzuri unaondoka na mia kadhaa, usiku mbaya unaondoka na asante. Watu wanaodumu kwenye kazi hizi ni wale wanaopenda kampani. Lindeni kwao ni nyongeza.

Mimi ninachokuona unacho ni muda na macho mapya. Tembea kwanza. Jiunge na vikundi vya maduka ambavyo kujiunga ni bure, kila duka kubwa lina zawadi za kikundi. Kuna misako ya vitu vilivyofichwa madukani. Unaweza kuvaa vizuri kabisa bila kutoa lindeni hata moja, na ukishavaa vizuri utajua nini kinauzwa na nini takataka. Marketplace nayo ukipanga kuanzia bei ya chini utaona maelfu ya vitu vya bure, ila jihadhari, vingi ni majaribio tu ya vitu vya kulipia. Ukikivaa unakuta kibao kinaelea juu ya kichwa kimeandikwa DEMO.

Lakini zoea hizo DEMO, ni rafiki zako. Kabla ya kununua nguo yoyote chukua jaribio lake, livae. Nguo za meshi zinashonwa kwa mwili maalum, na miili ya meshi inatoka kwa watengenezaji tofauti. Shati la mwili wa Maitreya halikai kwenye mwili mwingine hata ulivute vipi, na hakuna kurudishiwa. Naona wageni kila wiki wanalia kwenye gumzo la kikundi kwa sababu hiyo moja.

mgeni_sifuri

Dada Nyota, kwani nikinunua kisha kisinifae, siwezi kumuuzia mwingine kwa bei ya chini?

nyota_ya_mchana

Mara nyingi huwezi, na hapa ndipo siri ya uchumi wote ilipo. Kuliko hata LindeX, samahani fundi.

Kila kitu mle ndani kina ruhusa tatu: kunakili, kubadilisha, kuhamisha. Anayeunda ndiye anayechagua. Akikuuzia kitu unachoweza kunakili, utakuwa na nakala hata mia stoo kwako, lakini hataruhusu uhamishe, vinginevyo ungefungua duka kesho yake. Akikuruhusu kuhamisha, basi hukinakili, kiko kimoja, ukimpa mtu kimekutoka. Nguo na samani nyingi ziko upande wa kwanza. Kwa hiyo mitumba haipo. Ulichonunua kinakaa kwenye stoo yako mpaka mwisho wa dunia, yako au ya Linden Lab, itakayotangulia.

Kwa mnunuzi ni hasara. Kwa muuzaji ni raha isiyo na mfano. Mimi nikimaliza kutengeneza koti, koti la kwanza limenigharimu usiku kadhaa, la pili na la elfu halinigharimu kitu. Kashelfu kangu kanauza nimelala.

Lilikuwepo soko moja la mitumba kubwa sana, gacha. Unalipia mashine L$50 au L$75, inakutemea kitu kimoja kwa bahati, vya kawaida vingi na vya nadra vichache. Vyote vilikuwa vya kuhamisha bila kunakili, basi watu wakawa wanauziana, cha nadra kinafika elfu na zaidi. Kulikuwa na watu kazi yao ni kununua na kuuza gacha, hawajawahi kuunda hata kijiko. Mwaka 2021 kampuni ikaipiga marufuku kwa sababu za kisheria, kununua bila kujua unachopata kulikuwa kumeanza kubanwa na serikali nyingi kwenye michezo ya mtandaoni. Vilivyokwisha kununuliwa viliruhusiwa kuuzwa kimoja kimoja, lakini mashine zikazimwa. Wenye maduka walihaha wiki kadhaa kubadilisha mfumo mzima wa kuuza.

bahasha_tupu

Mbona hamzungumzii ardhi? Mimi nilisikia kuna mama alitajirika kwa viwanja vya mle ndani mpaka akatokea kwenye jalada la gazeti.

fundi_primu

Ni kweli. Avata anaitwa Anshe Chung, na nyuma yake Ailin Graef, mzaliwa wa China aliyekuwa akiishi Ujerumani. Jarida la BusinessWeek lilimweka kwenye jalada Mei 2006, na Novemba mwaka huohuo akatangaza kwamba mali zake za mle ndani zimevuka dola milioni moja za Marekani. Alinunua ardhi kwa jumla, akaikata, akaipamba, akapangisha na kuuza. Ila watu wanasahau kwamba sehemu kubwa ya hiyo milioni ilikuwa ardhi iliyopimwa kwa bei ya siku hiyo. Ardhi ya kwenye seva, ambayo kampuni inaweza kuongeza kesho kwa kuwasha seva nyingine.

Nikufanyie hesabu ya upangishaji uone. Eneo moja zima ni mraba wa mita 256 kwa 256, yaani mita za mraba 65,536. Eneo binafsi lilikuwa linalipiwa dola 295 za Marekani kwa mwezi kwa miaka mingi, mwaka 2018 wakashusha hadi 249. Tuchukue hiyo 249 ya wakati huo. Kwa L$250 ni kama L$62,000 kwa mwezi, au L$14,400 kwa wiki. Sasa likate viwanja 16 vya mita za mraba 4,096. Vikijaa vyote, kila mpangaji inabidi alipe kama L$900 kwa wiki ili wewe usipate hasara. Sijasema faida. Vinne vikikaa wazi, na vitakaa, wale kumi na wawili waliobaki wanapaswa kulipa L$1,200, na hapo mpangaji anaangalia jirani anayepangisha kwa L$1,000 anahama na kochi lake. Kampuni haitakusubiri kwa sababu una viwanja wazi. Inataka dola zake kila mwezi.

Na wakati wowote inabadilisha bei. Waulize waliokuwa na yale maeneo mepesi ya Openspace mwaka 2008. Walinunua kwa wingi wakiambiwa dola 75 kwa mwezi, Oktoba kampuni ikatangaza 125. Kelele zilipigwa, maandamano ya avata yakafanyika, wengi wakaachia maeneo yao. Ndiyo maana nilisema lile neno leseni uliweke akilini.

nyota_ya_mchana

Fundi unamtisha mtoto wa watu. Wapo wapangishaji waliodumu miaka na miaka.

fundi_primu

Wapo, na ukiwachunguza hawauzi ardhi. Wanauza ujirani. Anayejibu ujumbe wa mpangaji saa nane za usiku kwa sababu mlango umekataa kufunguka, anayetimua wasumbufu, anayepanga eneo zima lifanane na kijiji kimoja badala ya ghorofa la waridi kando ya ngome ya vampaya. Mpangaji analipia hilo. Mgeni hawezi kuanza nalo kwa sababu hamjui mtu.

nyota_ya_mchana

Hapo tumekubaliana. Ila kama anataka kwake pa kukaa, Premium inampa haki ya ardhi ya mita za mraba 1,024 bila ada ya mwezi ya ziada, na kuna nyumba zilizojengwa tayari. Hiyo ni starehe, asiite uwekezaji.

karani_sokoni

Nimeona swali la kutoa nje halijajibiwa. Mimi natoa mara kwa mara, naeleza kwa kifupi.

Unauza lindeni LindeX. Kuna njia mbili: oda ya papo hapo, inauzwa kwa bei iliyopo sasa hivi, au unaweka bei yako na kusubiri foleni ikufikie. Ya pili ina nafuu kidogo kama huna haraka. Dola utakazopata haziji mkononi moja kwa moja. Zinakaa kwenye akaunti yako chini ya Tilia, kampuni ambayo Linden Lab iliiunda kushughulikia malipo, na tangu 2019 ndiyo imeshika shughuli hiyo. Hapo ndipo unaomba zihamishiwe huduma ya malipo kama PayPal. Unakatwa kwenye kuuza, unakatwa tena kwenye kuhamisha. Ada hizo zimebadilika na zitabadilika, soma ukurasa wa ada siku hiyohiyo unayotoa, usitegemee bandiko la mtu, hili langu likiwemo. Wengi tunakusanya kwanza ndipo tunatoa kwa mkupuo.

Watataka kitambulisho. Jina halisi, anwani, tarehe ya kuzaliwa, na jina la akaunti ya malipo lilingane na kitambulisho. Avata wako anaweza kuitwa Simba wa Mwezi, lakini kwenye malipo ni wewe. Mwaka 2013 FinCEN, idara ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa kifedha, ilitoa mwongozo kuhusu sarafu za mtandaoni, na mwaka huohuo Linden Lab ikawabana wabadilishaji wa nje waliokuwa wakiuza lindeni kwenye tovuti zao. Kwa hiyo ukikuta tovuti inakuuzia lindeni nusu ya bei ya LindeX, ipite. Mara nyingi zimenunuliwa kwa kadi ya wizi, na kampuni ikigundua inazifuata zilipo na kuzichukua, hata zikiwa kwenye pochi yako.

mgeni_sifuri

Wakuu mnanifungua macho. Kuna kitu kimetokea sasa hivi naomba ushauri wa haraka. Avata nisiyemjua kanitumia kisanduku kimeandikwa "Zawadi ya mgeni". Nimekitoa stoo nikakiweka chini kwenye uwanja wa majaribio. Kimeleta onyo kwamba kinaomba ruhusa ya kutoa dola za Linden kwenye akaunti yangu. Sijabofya kitu. Salio langu ni sifuri, kuna ubaya gani nikikubali?

fundi_primu

KATAA. Kisha kifute kisanduku, kifute na kwenye pipa la taka la stoo, na umripoti aliyekutumia.

Nieleze kwa nini, maana swali la sifuri ni zuri. Kitu chenye skripti, yaani maelekezo ya programu ndani yake, kinaweza kupokea malipo bila kuomba ruhusa yoyote, mtu anakigonga anachagua Lipa, basi. Lakini ili kitu KITOE lindeni kwenye akaunti, lazima mwenye kitu hicho akubali kwanza. Mashine ya kuuzia inaomba ruhusa hiyo kwa mwenye duka ili iweze kurudisha chenji au kumgawia mshirika sehemu yake. Kisanduku cha kupangishia nyumba kinaomba kwa mwenye nyumba ili kirudishe kodi ya mpangaji aliyeondoka mapema. Hizo ni sababu halali. Na ulipopokea kile kisanduku ukakiweka chini, mwenye kitu ukawa wewe. Ndiyo maana ujumbe ulikujia wewe.

Zawadi haina sababu ya kutoa pesa kwako. Na ruhusa hiyo haiishi leo. Inakaa kwenye skripti mpaka uiondoe au ukifute kitu. Leo una sifuri, kinakaa kimya. Mwezi ujao umeuza kitu una L$4,000, kinaamka kinazihamisha zote kwa sekunde moja, na malipo ya mle ndani hayarudishwi.

karani_sokoni

Nyongeza: kwenye tovuti, ndani ya akaunti yako, kuna historia ya miamala. Inaonyesha kila lindeni iliyotoka, imeenda kwa nani na kupitia kitu gani. Zoea kuipitia hata kama huna kitu.

mgeni_sifuri

Nimekikataa, nimefuta, nimeripoti. Mungu awabariki.

Nimeamua sitaki kazi ya kucheza ngoma wala ardhi. Nina mkono kidogo wa kuchora. Nimekuwa nikitazama mazulia na mikeka ya mle ndani, mingi ni mistari iliyorudiwarudiwa, haina uhai. Nataka nichore ya kwangu. Mkeka si ni kipande bapa tu na picha juu yake? Au nimerahisisha mno?

nyota_ya_mchana

Hujarahisisha. Primu moja iliyobanwa ikawa bapa, na picha juu. Kuunda primu ni bure, uwanja wa majaribio ni bure. Mtu wa jioni akihamia nyumba mpya kitu cha kwanza anachonunua ni kitanda au kochi, cha pili ni cha kuweka chini yake. Mikeka inauzika. Iweke bei ya chini, iruhusu kunakili na kubadilisha, usiruhusu kuhamisha, ili mtu aipanue ikae kwenye chumba chake.

bahasha_tupu

Na L$10 ya kupakia picha ataitoa wapi mtu mwenye sifuri?

nyota_ya_mchana

Asikimbilie kupakia. Pale kwenye dirisha la kuchagua picha kuna sehemu ya picha za kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ukiichagua hapo, picha inaonekana juu ya primu kwenye skrini yako tu, wengine wanaona kijivu, na hulipi kitu. Ukiirekebisha kwenye programu yako ya kuchorea na kuihifadhi, juu ya mkeka inabadilika palepale. Nimeona watu wanapakia picha moja mara sita kwa sababu kona imepinda, L$60 zimekwenda na mkeka haujauzwa.

Chora kwa vipimo vya 512 kwa 512 au 1024 kwa 1024, kingo mbili zinazotazamana zikutane bila mshono. Ikishakaa sawa nitumie ujumbe mle ndani, hiyo L$10 ya kwanza nitakupa. Na nataka kuuona mkeka wenyewe, nina duka la samani pembeni na sakafu yangu iko tupu.

fundi_primu

Nyota na mgeni, mkubaliane asilimia mapema, kabla ya urafiki kunoga. Kama mkeka utauzwa kwenye duka la Nyota, aweke mashine ya kugawana ili malipo yakatwe yenyewe kila mauzo. Hiyo ndiyo mashine itakayoomba ruhusa ya kutoa pesa, na itamwomba yeye Nyota, siyo wewe mgeni.